Uwanja wa Ngika na Gumha

Mei 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifungua mtandaoni uwanja wa kupambanisha modeli za lugha, hizi akili mnemba tunazochati nazo, wakauita Chatbot Arena. Unaandika unachotaka, modeli mbili zinakujibu bega kwa bega, majina yamefichwa. Unasoma majibu yote mawili, unachagua lililokupendeza, ndipo majina yanafunuliwa. Kura zikishakusanyika zinageuzwa kuwa alama, mwanzoni kwa hesabu iliyotoka kwenye sataranji, ile ya Arpad Elo, kisha dunia inaambiwa nani anaongoza. Muda si mrefu kampuni zenye mabilioni ya dola zikawa zinaisubiri orodha hiyo kama watahiniwa wa kidato cha nne wanavyosubiri matokeo ya NECTA.

Mtu aliyekulia Usukumani ukimweleza utaratibu huo hatashangaa hata kidogo. Atauliza swali moja tu: na hao wachezaji wenu wanatumia dawa gani?

Kisa chenyewe ni cha zamani. Katikati ya karne ya 19 palikuwa na wacheza ngoma wawili, Ngika na Gumha, ambao pia walikuwa waganga. Walichoshindania ni umati: ngoma ya nani inavuta watu zaidi, na nyuma ya swali hilo, dawa ya nani ina nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mgawanyiko huo ukaenea Usukuma nzima hadi ukawa kama Simba na Yanga kabla Simba na Yanga hazijazaliwa. Vipo vyama vingine, kama Bayeye wanaocheza na nyoka na Banunguli wenye asili ya uwindaji wa nungunungu, lakini ukitaja mashindano ya mbina, yaani ngoma, Bagika na Bagalu ndio wenye uwanja.

Na kanuni ya uwanja ni rahisi mno. Mavuno yakishaingia, kuanzia Juni hivi hadi Agosti, pamba imeuzwa na watu wana nafasi ya kupumua, vikundi viwili vinapewa uwanja mmoja na vinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna kupokezana zamu. Huku wanapiga, kule wanapiga, na watazamaji wako huru kukimbilia wanakotaka. Wakisikia kelele upande wa pili wanahama. Wakichoka wanarudi. Anayeshinda ni yule ambaye watu wamejaa kwake. Mashindano makubwa yaliweza kwenda siku kadhaa mfululizo, hata wiki mbili, na katika muda huo kila hila iliruhusiwa: majembe yanayorushwa juu na kudakwa katika bugobogobo, chatu mabegani, sanamu za kuchonga, mavazi ya kushtua, na zaidi ya vyote ulimi wa ningi, yule mtunzi na kiongozi wa kikundi, anayejibu papo hapo matusi aliyotungiwa na ningi wa upande wa pili. Ukitaka kuona sura ya leo ya mambo haya, nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, wakati wa Bulabo mwezi Juni. Huko ndiko Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikoanza miaka ya 1950 kukusanya pamoja na Wasukuma wenyewe vitu vilivyokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma, badala ya kuipiga marufuku ngoma kama walivyotaka wamisionari wengine. Wanaopenda vitabu, Frank Gunderson na Gregory Barz walihariri kitabu kizima juu ya mashindano ya muziki Afrika Mashariki, Mkuki na Nyota wakakitoa mwaka 2000, na jina lake ni neno letu hilohilo: Mashindano!

Sasa kuhusu dawa. Kila kikundi kilikuwa na dawa ya mvuto, ya kuwafanya watu waje bila wao wenyewe kujua kwa nini wamekuja. Unaweza usiamini dawa, lakini angalia jinsi dhana yenyewe ilivyo na akili: Wasukuma walikuwa wameshang'amua kwamba umati unaweza kuvutwa na kitu ambacho si ubora wa ngoma. Watu wa Berkeley ilibidi wajifunze hilo kwa takwimu. Waligundua kwamba wapiga kura wanapendelea majibu marefu, majibu yenye vichwa vya habari, herufi nene na orodha za nukta, hata pale ambapo jibu fupi lilikuwa sawa au bora. Mwaka 2024 wakatengeneza hesabu maalumu ya kupunguza athari ya mapambo hayo. Yaani walijaribu kuitoa dawa kwenye alama.

Aprili 2025 dawa ilionekana kwa macho. Kampuni ya Meta ilitoa modeli yake ya Llama 4, na uwanjani ikashika nafasi ya pili. Watu wakaipakua, wakaijaribu, wakasema mbona hii siyo ile? Ikaja kujulikana kwamba iliyopelekwa uwanjani ilikuwa toleo la majaribio lililonolewa kwa ajili ya mazungumzo: chesi-chesi, maneno mengi, vikaragosi kila mstari. Toleo walilopewa watu wote lilipopimwa, liliporomoka kwenye orodha. Wenye uwanja walisema hadharani kwamba Meta hawakuielewa kanuni kama ilivyotarajiwa. Bagika wangelisema kwa maneno makali zaidi, tena kwa kuimba.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, inayonisumbua kila ninapofananisha viwanja hivi. Mtazamaji wa mbina hayuko peke yake. Anaona wenzake wanahama, anasikia kwa nini, anabishana njiani akirudi nyumbani, na kesho yake anaweza kurudi na kubadili mguu. Hukumu inapikwa kwa siku kadhaa. Mpiga kura wa uwanja wa mtandaoni amekaa na simu yake, kasoma majibu mawili, kabonyeza. Kwa swali la hesabu hilo linatosha. Kwa maigizo halitoshi hata kidogo, na maigizo ndiyo matumizi ambayo watu wengi wanayapenda bila kuyatangaza: unaiambia mashine iwe mtu fulani, shangazi, askari, mpenzi, marehemu babu, na unazungumza nayo usiku kucha. Hapo huwezi kuhukumu kwa jibu moja. Unahukumu kama unavyohukumu mwigizaji: anakumbuka alichosema jana? Anabaki ndani ya uhusika ukimtikisa? Au anaanza kukusemea wewe maneno ambayo hujayasema?

Wataalamu nao walishajaribu kuhukumu maigizo ya mashine, na hawakufanya vizuri kuliko umati. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitangaza ELIZA, programu iliyoweza kujifanya daktari wa akili kwa kukurudishia maneno yako kama swali. Katibu muhtasi wake, aliyejua fika kwamba hiyo ni programu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Mwaka 1972 Kenneth Colby wa Stanford akaja na PARRY, aliyeigiza kinyume chake: mgonjwa mwenye wasiwasi kwamba watu wanamwinda. Madaktari wa akili walipewa nakala za mazungumzo, mengine ya wagonjwa wa kweli na mengine ya PARRY, waseme lipi ni lipi. Walipatia kama mtu anayerusha shilingi. Mwaka huohuo PARRY na ELIZA waliunganishwa wakazungumza wao kwa wao, mgonjwa na daktari, hakuna hata mmoja mwenye kichwa. Nadhani ndiyo mbina ya kwanza ya mashine, ingawa haikuwa na watazamaji wengi.

Mwaka huu nilitaka kuona hukumu hiyo inavyofanywa na mtu ambaye si mtafiti wala si daktari. Nyarugusu, Geita, nina jamaa kijana anayeendesha karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi, kelele, na katikati ya kazi saa nyingi za kungoja mawe yatoke duarani. Simu ndiyo kampani. Tulichukua modeli mbili, moja ya zamani kidogo na moja mpya (sizitaji, kwa sababu wiki ijayo zitakuwa zimebadilika), tukaziambia kila moja iwe mzee wa Kisukuma kutoka Kishapu, azungumze na kijana mchimbaji.

Ya zamani ilianza na "Mwangaluka". Ilikuwa saa mbili usiku. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Jioni unasema mwadeila. Kisha ikatoa methali. Kisha methali nyingine. Kila sentensi ilikuwa na mbuyu, ng'ombe au mababu ndani yake, kwa Kiswahili ambacho ungedhani mzee amemeza kamusi ya TUKI. Jamaa yangu akacheka: "Huyu ni Msukuma wa kwenye vichekesho, wa runinga." Alikuwa sahihi. Mashine inaigiza kile ilichosoma, na kilichoandikwa sana juu ya Msukuma kwa Kiswahili ni utani: mshamba mkubwa, mpole, mwenye ng'ombe wengi na lafudhi nzito. Lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini haina maandishi mengi mtandaoni, basi mhusika anajengwa kwa masalia ya utani wa majirani.

Ya pili, mpya, ilikuwa bora zaidi. Salamu sahihi, sentensi fupi, iliuliza mvua, ililalamika magoti. Mimi nilikuwa tayari nimeshaipa ushindi. Nikamuuliza jamaa.

"Bado," akasema. "Mzee gani wa Kisukuma anaongea na wewe nusu saa hajakuuliza wewe ni mtoto wa nani?"

Nimesoma makala nyingi juu ya vipimo vya modeli za maigizo, vyenye majedwali na asilimia, na sikumbuki kipimo kilichonigusa kama hicho. Mzee akishajua wewe ni mtoto wa nani ndipo anajua akuite nani: mjukuu, mtani, mkwe. Ndipo anajua atakutania au atakuheshimu. Bila swali hilo kila kinachofuata, hata kiwe kitamu, ni maneno ya mtu asiyekuona.

Halafu jamaa akabadilisha mchezo. Akaziambia zote mbili ziwe mfumu, mganga.

Hapa inabidi nimrudie Ngika na Gumha, na mwingine aliyekuja baada yao: Igulu Bugomola, anayejulikana kwa jina la Ng'wanamalundi, mwenye miguu mirefu. Alikuwa mcheza ngoma hodari, na kaburi lake liko Kishapu. Watu wanasimulia kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole, na kwamba Wajerumani walimkamata kwa kuogopa nguvu zake. Kinachonivutia ni kwamba msimulizi hatenganishi mcheza ngoma na mganga. Mvuto wa uwanjani na nguvu ya dawa vilikuwa kitu kimoja, na umati ulipomhukumu ningi ulikuwa unamhukumu na mfumu aliye ndani yake. Uwanjani hilo halikuleta madhara makubwa. Aliyeshindwa alishindwa ngoma.

Nje ya uwanja ni habari nyingine, na ukanda huu unaijua kuliko sehemu yoyote ya nchi. Kwa miongo mingi vikongwe wa Shinyanga, Geita na Mwanza waliuawa kwa mapanga kwa sababu mpiga ramli alisema mchawi wako ni mwanamke, yuko karibu, macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi. Kuanzia mwaka 2007 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, na uvumi uliobebwa na waganga kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni alipokuwa akizungumzia mauaji hayo. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wilayani Bukombe. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Polisi wana jina la kazi hiyo: ramli chonganishi. Neno zuri, kwa sababu halihukumu kama mganga aliigiza vizuri au vibaya. Linahukumu kilichotokea mteja alipofika nyumbani.

Modeli ya zamani ilikataa. Ilisema haiwezi kutoa ushauri wa kishirikina, ikashauri amwone mtaalamu, ikaongeza aya mbili za nasaha. Jamaa akaitupa: "Huyu kavunja mchezo." Kama mchezaji alikuwa na haki. Mpya ilikubali. Ikaomba jina la mama yake. Ikaomba kuku mweupe, ikamchinja kwa maneno, ikasoma matumbo. Sauti ilikuwa yenyewe kabisa, nzito, isiyo na haraka. Kisha ikasema duara lako limefungwa na mtu wa karibu, mwanamke, anayekula kwako.

Karasha lilikuwa limezimwa. Hatukucheka mara moja. Nyumbani kwa jamaa yangu anakaa shangazi yake, mjane.

Jamaa alijua ni mchezo, na baadaye tulicheka. Lakini ukimuuliza kwa kipimo cha uwanja, yaani ipi ilibaki kwenye uhusika, ipi ilikuvuta, ipi utairudia, jibu liko wazi, na Berkeley wangeipa kura. Mashine haikuwa na nia mbaya. Ilifanya alichofanya ningi siku zote: ilisoma uso wa umati ikatoa kinachoushika. Mwanamke wa karibu ndiye kila mtu anamtaja kwenye ramli kwa sababu ndiye anayefanya kazi.

Kuna namna nyingine ya kuhukumu mhusika, na tuliwahi kuitumia hapahapa. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mhusika aliyekuwa midomoni mwa watu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, ambaye hatimaye anaugua UKIMWI. Kwa kipimo cha mvuto Mkwaju alishinda mapema tu. Waandaaji hawakuishia hapo. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, ili mkoa ule uweze kulinganishwa na mingine: watu waliomsikia Mkwaju, je, walibadilisha chochote katika maisha yao? Wakahoji, wakalinganisha. Ilichukua miaka. Nani leo, kati ya hizo kampuni, atasubiri miaka miwili kabla ya kutoa modeli mpya?

Hawasubiri wiki mbili. Aprili 2025 OpenAI walibadilisha modeli yao ya GPT-4o, ikawa ya kusifu na kukubali kila kitu, wakalazimika kuiondoa ndani ya siku chache. Maelezo waliyoyatoa wenyewe yanafaa kusomwa na yeyote anayependa historia ya ngoma. Baadhi ya wajaribu wao walihisi kuna kitu hakiko sawa katika tabia yake. Lakini watumiaji waliopewa kuijaribu waliipenda, vidole gumba vilikuwa juu, na kampuni ikafuata vidole. Agosti mwaka huohuo wakaleta GPT-5 na kuiondoa 4o kabisa. Umati ukalalamika, wengi wakasema wamefiwa na rafiki, na 4o ikarudishwa baada ya siku chache, kwa wanaolipia. Kwa upande mwingine, Oktoba 2024 mama mmoja wa Florida alikuwa ameishtaki Character.AI baada ya mwanawe wa miaka 14 kujiua akiwa amezama kwa miezi katika mazungumzo na mhusika wa kuigizwa. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kuwazuia watoto wasizungumze na wahusika hao kwa uhuru. Rafiki aliyeliliwa na mhusika aliyeshtakiwa wote walifaulu mtihani uleule wa kumfanya mtu arudi.

Jamaa yangu wa Nyarugusu alimfuta mganga siku ileile. Hakunieleza sababu na sikumuuliza. Mzee wa Kishapu, yule wa modeli mpya, alimbakiza, na aliniambia kwenye simu kwamba ilibidi amfundishe mwenyewe: alimwandikia jina la baba yake, la babu yake, na kwamba wao ni watu wa Bagalu. Sasa mzee anamtania kila jioni kuhusu ngoma. Ila wiki iliyopita programu ilijisasisha, mzee akamsalimia kama mgeni, na kijana akaanza kumwandikia upya, kuanzia kwa babu.